Nyuso Nne kwenye Kaunta ya Marejesho

Wenzake walimwita Mama Samahani, na jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Mtu akisema neno moja mara mia mbili kwa siku, kwa miaka kumi na saba, si ajabu likamganda. Naye alikuwa na samahani za kila namna. Ilikuwepo samahani fupi, ya mteja aliyepewa pazia la kijani badala ya la bluu. Ilikuwepo ndefu, ya kuvutwa, ya mteja ambaye mashine yake ya kufulia ilifika nyumbani haina mlango. Na ilikuwepo ya tatu, ya chini chini, aliyoitunza kwa ajili ya wale ambao duka halikuwakosea kitu chochote. Dunia ndiyo iliyowakosea, nao wakaja kulalamika kwake kwa kuwa kwake kulikuwa na kiti.

Duka lilikuwa la ghorofa tano. Chini kabisa palinukia manukato, na wasichana wenye kucha ndefu walimpulizia kila apitaye. Juu kabisa kulikuwa na vitanda na magodoro, ambako wanaume waliochoka kuzungushwa na wake zao walijilaza kwa kisingizio cha kujaribu, wengine mpaka wakakoroma. Kaunta ya marejesho ilikuwa ghorofa ya tatu, nyuma ya masufuria, katikati ya choo cha wateja na lifti ya zamani. Nusu ya watu waliomkaribia walitaka kitu kimoja tu: wajue mlango wa wanawake ni upi.

Aliingia dukani akiwa na miaka ishirini na tisa, akawekwa kukunja mashati. Baadaye akahamishiwa meza ya kufunga zawadi, na miaka hiyo ndiyo iliyomfundisha kukata karatasi bila kupima. Halafu mtu wa marejesho akaacha kazi ghafla, katikati ya mchana, akamwachia mteja mkasi mkononi. Meneja wa wakati huo akapita akitafuta mwenye subira. Akamwona yeye anafungua fundo la utepe kwa kucha badala ya kulikata. Tangu siku hiyo kaunta ikawa yake.

Kazi aliijua. Mfuko ukitua mezani kwa kishindo, mteja ana haki na anajua kuwa anayo. Ukiwekwa taratibu, hana haki, na hilo pia analijua. Bwana mmoja alirudisha birika la umeme, akasema linapiga filimbi.

"Samahani, baba, hilo ni la filimbi. Maji yakichemka linaita."

"Ndiyo tatizo lenyewe. Mke wangu anadhani ni mimi namwita. Anakuja mbio, anakuta birika, ananuna."

Na kulikuwa na bibi aliyeleta gauni la hariri lenye harufu ya jasho na chembe ya keki kwenye kola.

"Samahani, mama, hili lilikwenda sherehe gani?"

"Sherehe gani? Sijalivaa hata siku moja."

"Basi limekwenda lenyewe."

Bibi yule alicheka mpaka akashika kaunta, akalikunja gauni lake akaondoka nalo. Mambo kama hayo hayaandikwi popote, lakini ndiyo yaliyomfanya aamke asubuhi.

Kisha ikaja mashine.

Ilikuwa kisanduku cheupe cha plastiki, kimefungwa kwa skrubu kwenye ukingo wa kaunta, na juu yake nyuso nne za mviringo, kila mmoja ni kitufe. Wa kwanza ulikuwa wa kijani, unacheka meno nje. Wa pili nao wa kijani, uliofifia kidogo, unatabasamu. Wa tatu wa njano, midomo imenyooka kama ya mtu anayesubiri foleni. Wa nne mwekundu, unalia, na tone moja la chozi shavuni. Maandishi hayakuwepo, hata herufi moja.

"Nyuso hazihitaji maelezo," alisema meneja wa ghorofa, kijana msafi mwenye shati lisilokunjika, ambaye nyuma ya mgongo wake walimwita Asilimia. "Makao makuu wamefanya utafiti. Mgeni, mtoto, asiyejua kusoma, kila binadamu anaelewa uso."

Sharti lilikuwa jepesi kulieleza. Kati ya kila nyuso mia zitakazobonyezwa, sitini ziwe za kijani. Atakayeshindwa miezi mitatu mfululizo, mkataba wake hautaongezwa. Na mkataba wa Mama Samahani ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Tangu aje kaunta hii ulikuwa umeongezwa mara kumi na sita, na mwisho wa mwezi huo wa tatu ulikuwa unahitaji kuongezwa tena.

"Mwanangu," alimwambia, "kwangu hawaji watu wenye furaha. Mwenye furaha yuko nyumbani, anatumia kitu chake."

"Mama, hiyo ndiyo changamoto yenyewe," Asilimia akajibu, akamgusa bega kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililokuwa gumu.

Mwezi wa kwanza alipata hamsini na mbili. Wa pili, hamsini na saba. Walioridhika waliondoka na haraka zao, hata kisanduku hawakukiona. Wenye hasira ndio waliokibonyeza, tena kwa ngumi. Na kuidanganya mashine hakukuwezekana: juu ya kila kaunta palikuwa na kamera, na dada mmoja wa manukato alikuwa amefukuzwa kwa sababu kiwiko chake kilionekana kikiangukia uso wa kijani mara tisa kwa asubuhi moja. Hata kumwelekeza mteja ilikuwa marufuku. Ukisema "bonyeza hapa, tafadhali," umejifuta kazi.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi cherehani, ambaye mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumfungia madirisha. Alishona kwa kupapasa sasa, na kazi alizopata zilikuwa za majirani waliomwonea huruma: kupunguza suruali, kutia zipu. Kila mwezi mume aliuliza, "Nyuso zinasemaje?" kama anayeuliza habari za wakwe wakorofi.

Mwezi wa tatu alipambana. Alisimama badala ya kukaa. Aliweka maji ya kunywa. Alitembea na wateja mpaka kwenye ngazi za umeme. Akawapenda watoto kuliko siku zote, maana mtoto akiona vitufe hukimbilia ule uso unaocheka. Kwenye kona ya kompyuta yake palikuwa na namba ndogo iliyopanda na kushuka, akawa anaiangalia kama mtu anayeangalia maziwa jikoni. Siku ya mwisho, saa kumi na moja na nusu jioni, namba ilisoma sitini. Sitini kamili, bila nyongeza. Ikishuka hata kwa unywele mmoja, mfumo ungeandika hamsini na tisa. Saa kumi na mbili duka linafungwa na hesabu inakatwa.

Mwendesha lifti akatoa kichwa kwenye lifti yake. Walimwita Balozi, kwa sababu ya koti lake lenye vifungo vya dhahabu.

"Dada'ngu, weka kibao. Funga. Nenda kajifungie chooni mpaka saa kumi na mbili."

"Nitasemaje?"

"Sema tumbo. Tumbo halina kamera."

Alicheka, lakini mkono wake tayari ulikuwa kwenye kibao cha KAUNTA IMEFUNGWA. Dakika thelathini tu. Miaka kumi na saba hakuwahi kukiweka kabla ya wakati. Aliona aibu kuona jinsi kilivyokuwa chepesi.

Hapo akatokea mama mmoja, mtu mzima wa miaka sabini hivi, akija pole pole kati ya masufuria, akisoma vibao vya juu kimoja baada ya kingine. Mfuko wa duka aliukumbatia kifuani. Mama Samahani aliona vile vidole vilivyoshika mfuko, na mkono wake ukakiachia kibao bila kumwuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo wanaporudisha?"

"Ndipo. Karibu, kaa kwanza."

Mama akakaa. Ilimchukua muda kuutua mfuko. Ndani mlikuwa na pajama za kiume, za bluu, bado zimekunjwa na pini zake, karatasi ya bei inaning'inia. Risiti aliifunga kwenye leso.

"Mume wangu alikuwa amelazwa," akasema. "Nikachukua za bluu. Kule kila kitu cheupe, nikasema angalau apate rangi."

"Hazikumfaa?"

"Walimvalisha lile gauni lao la kufungia mgongoni. Walisema kwao ndiyo rahisi." Akalainisha kola ya pajama kwa kidole gumba. "Alifariki Jumanne. Si Jumanne hii. Ile nyingine."

Samahani zote alizokuwa nazo zikamkimbia.

"Pole sana, mama," akasema. "Pole mno."

Akaingiza namba za risiti. Mfumo ukakataa kwa sababu mbili: nguo za kulala hazirudishwi, na siku thelathini zilikuwa zimepita, tena kwa siku nne tu. Akainua simu.

"Mama, mfumo umekataa?" Asilimia akauliza.

"Umekataa. Lakini hazijavaliwa, pini zimo, na huyu mama amefiwa."

"Ukikataa, mimi sina kitufe cha kuukatalia. Mama, leo siku gani? Usijiharibie."

Akaweka simu chini. Mjane alikuwa amesikia yote.

"Mwanangu, pesa sitaki. Nataka zisiwe chumbani kwangu, basi. Shemeji yangu nikimpa, zitamburuta. Mume wangu alikuwa mrefu. Jirani nikimpa, nitaziona kila siku kwenye kamba. Na kuzitupa…" Akatikisa kichwa. "Hazijafanya kosa lolote."

Mama Samahani alifikiri. Katika kazi yake palikuwa na daftari moja tu ambalo mfumo haukuwa na habari nalo: la vilivyosahauliwa. Miavuli, miwani, kofia za watoto, siku moja hata meno ya bandia.

"Mama, sikiliza. Mfuko huu siruhusiwi kuupokea. Lakini mteja akiondoka akausahau hapa, mimi kazi yangu ni kuuandika na kuupeleka stoo. Unakaa miezi mitatu. Asipotokea mwenyewe, unapelekwa kwenye nyumba ya wazee. Kuna wazee warefu kule."

Mjane akamtazama. "Kwa hiyo nisahau?"

"Ukiweza."

"Nimepanda mabasi mawili, na goti langu hili, ili nije kusahau?" Akacheka, kicheko kidogo chenye kutu, kikamshtua mwenyewe.

Kisha akaanza kuzungumza. Alisimulia jinsi mume wake alivyolala na soksi moja, mguu wa kushoto tu, miaka arobaini na nne, na kila akiulizwa sababu alijibu kwamba wa kulia una joto lake. Alisimulia habari za redio aliyoipiga makofi mpaka ikazoea. Kuna watu waliokuja msibani wakala, wakamsimulia habari za wagonjwa wao. Mama Samahani alisikiliza. Mara moja jicho lilimponyoka likaiona saa: kumi na moja na dakika arobaini. Akalirudisha. Hakumkatiza, wala hakupanga makaratasi kama afanyavyo mtu anayetaka uondoke.

Hatimaye mjane alishusha pumzi, akasimama, akauacha mfuko pale ulipokuwa, akiutazama upande kama mtu anayeaga kwa siri. Ndipo alipokiona kisanduku.

"Na hiki?"

Hapo palihitaji maneno matatu tu. Mama Samahani aliyajua, na kamera ilikuwa juu ya kichwa chake. "Ni cha wateja, mama. Anayependa anabonyeza. Asiyependa anaacha tu."

"Kumbe."

Mjane akatoa miwani. Akainama juu ya zile nyuso, akazikagua moja moja, kama mtu anayemtafuta ndugu yake kwenye picha ya harusi.

"Huyu hapana," akasema kwa ule unaocheka. "Na huyu hapana." Akakaa kidogo kwenye ule wa njano. "Huyu nilikuwa mimi wiki iliyopita. Sikuwa nahisi kitu, nilikuwa kama ubao." Kidole kikasogea. "Huyu hapa."

Akaubonyeza uso mwekundu, taratibu, kwa uangalifu wote.

"Huyu ndiye mimi," akasema.

Kwenye kona ya kompyuta, sitini ikawa hamsini na tisa.

Mama Samahani alifungua mdomo. Angesema nini? Mama, umekosea, huyo si wewe, ni mimi? Mama, tafadhali, mume wako amekufa, lakini bonyeza yule anayecheka? Hata kama kamera isingekuwepo, hata kama Asilimia angekuwa amelala usingizi kwenye magodoro ya juu, hakuna lugha aliyoijua ambayo mtu angesema hivyo na kubaki mtu.

"Nyinyi mna utu," mjane aliendelea, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Hospitali nimekaa siku ishirini na sita. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi naendeleaje. Nyinyi mmeweka mpaka mashine." Akaubonyeza tena ule mwekundu, safari hii kwa muda mrefu zaidi. "Na jana pia nilikuwa hivi hivi."

"Asante, mama," Mama Samahani akasema.

Akamshika mkono mpaka kwenye lifti. Balozi, ambaye alikuwa ameona yote kupitia wavu, alimpokea mjane kama anampokea malkia, akamvutia kigoda chake, kisha akamgeukia Mama Samahani kwa uso ambao hata kwenye kile kisanduku haukuwepo.

Aliporudi kaunta zilibaki dakika nane. Akapita bwana mmoja mwenye haraka. "Choo cha wanaume?" Alimwelekeza kwa moyo wake wote, akatoka hata nje ya kaunta, akamfungulia mlango. Bwana alipotoka alisema asante sana, dada, Mungu akubariki, akapita mbele ya kile kisanduku akijifuta mikono kwenye suruali, akashuka ngazi.

Lifti ikarudi tupu. "Nikibonyeze mimi?" Balozi akanong'ona. "Naweza kuanguka. Nina kizunguzungu, nina hata cheti."

"Kamera ile inakujua kuliko mama yako. Tutaondoka wawili."

Kipaza sauti kikawashukuru wateja wapendwa, kikawatakia jioni njema. Taa za masufuria zikazimwa safu kwa safu.

Asilimia alikuja na kompyuta yake bapa mkononi, akatembea taratibu kuliko kawaida yake.

"Ilikuwa sitini saa kumi na moja na nusu," akasema. "Niliiona. Nilifurahi, kweli. Nini kimetokea?"

"Mteja alibonyeza."

"Ulimfanyia nini?"

"Nilimsikiliza. Alifurahi, kwa kadiri anavyoweza kufurahi. Mwanangu, yule alikuwa anajibu habari za nafsi yake. Ametazama nyuso akautafuta wake."

"Nyekundu ziko mbili."

"Moja ni ya jana."

Asilimia alimtazama, akaona hatanii. Akakuna shingo. Akatoa simu, akapiga makao makuu, akaiweka kwenye sauti kubwa ili naye asikie kwamba anajaribu. Sauti tamu ya mwanamke ikasema wahudumu wetu wote kwa sasa wanahudumia wateja wengine, simu yako ni ya thamani kwetu, tafadhali subiri. Wakasubiri. Muziki ukapigwa, ukakatika, ukaanza tena mwanzo. Walisimama pande mbili za kaunta, kijana na mama wa kumzaa, wakiikodolea macho ile simu robo saa nzima. Kisha laini ikakatika yenyewe.

"Kwenye fomu hakuna pa kuandika maelezo," Asilimia akasema, sauti imepungua. "Nimeangalia. Kuna pa namba tu. Samahani, mama."

Lilikuwa neno lake mwenyewe, na kulisikia kwa upande ule wa kaunta kulimshangaza. Halikuwa na uzito wowote. Akajiuliza kama siku zote ndivyo lilivyokuwa.

Akafungua daftari la vilivyosahauliwa, akaandika tarehe, saa, ghorofa. *Pajama za kiume, bluu, ndefu, mpya. Mwenyewe hajulikani.* Akaupeleka mfuko stoo, akachukua kikombe chake na kandambili zake, akatoka kwa mlango wa wafanyakazi.

Mume wake alikuwa dirishani, anatafuta tundu la sindano kwa mwanga wa taa ya barabarani. Alimjua kwa hatua.

"Nyuso zinasemaje?"

Akamweleza yote, tangu kibao mpaka simu. Mume akasikiliza, uzi mdomoni.

"Sasa alipobonyeza, wewe ulimwambia nini?"

"Asante."

"Asante? Mtu anakukata kichwa unamwambia asante?"

"Ningemwambia nini?"

"Ungemshika mkono tu, kwa heshima, ukausogeza kidogo…"

"Mkono wa nani? Nimshike mjane mkono, nimbonyezeshe kicheko?"

Mume akacheka, uzi ukamponyoka. Naye akacheka, wakacheka wote wawili mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kisha mume akauokota uzi.

"Kwa hiyo Jumatatu?" mume akauliza.

"Jumatatu nipo hapa nyumbani."

Akavuta kiti, akaichukua sindano mkononi mwa mume, akatia uzi.